Habari za Himoglobini na Ugonjwa wa Selimundu: Sura Moja ya Historia ya Elimu ya Protini

Katika viumbe vyote vyenye uhai, tangu vijidudu visivyoonekana kwa macho hata tembo na mbuyu, ni kazi chache mno zifanyikazo mwilini pasipo protini. Misuli ni protini. Kano, nywele na kucha ni protini. Vimeng'enya viyeyushavyo chakula tumboni ni protini. Na chombo kichukuacho hewa ya oksijeni kutoka mapafuni hata kwenye ncha za vidole ni protini vilevile. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja wataalamu walijua ya kuwa vitu hivi vipo, wakavipima na kuvipa majina, walakini hawakujua vimejengwa namna gani, wala kwa nini umbo la kila kimoja lilingane na kazi yake. Himoglobini, ambayo ndiyo protini nyekundu ya damu, ni mojawapo ya zile zilizotoa jibu la mapema, na sehemu kubwa ya habari zake ilipatikana katika nchi za Afrika ya Mashariki, kandokando ya Ziwa Viktoria na katika mwambao wa bahari.

Neno protini lenyewe lina tarehe ya kuzaliwa. Mwezi wa Julai 1838 Jöns Jacob Berzelius, mwanakemia mashuhuri wa Uswidi, alimwandikia barua mwenziwe wa Uholanzi, Gerardus Johannes Mulder, akimshauri atumie jina hilo, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kilicho cha kwanza. Mulder alikuwa amechunguza ute wa yai, damu na vitu vinginevyo, akadhani ya kuwa vyote vina asili ya kitu kimoja kisichobadilika. Dhana hiyo ilikuwa na makosa, ila jina likabaki. Wajerumani hata leo hulitumia neno la ute wa yai kwa maana hiyohiyo. Katika Kiswahili wako waliotumia utomwili katika mafunzo ya lishe, nalo ni neno lenye mantiki yake, kwani lafanana na kuunganisha uto na mwili. Lakini protini ndilo lililoenea, na si rahisi sasa kuling'oa.

Protini hufanywa kwa asidi amino, ambazo kwa kawaida ni za aina 20, zikiungana moja baada ya moja kama ushanga uliotungwa katika uzi. Tofauti ya protini moja na nyingine ni urefu wa uzi huo na mpango wa shanga zake, na kwa sababu ya mpango huo uzi hujikunja katika umbo maalumu. Leo jambo hili husomeshwa watoto wa shule, lakini mpaka katikati ya karne ya 20 wako wataalamu waliokuwa na shaka kama protini zina mpango thabiti hata kidogo. Frederick Sanger wa Cambridge ndiye aliyeiondoa shaka hiyo. Baada ya kazi ya miaka kumi hivi, kufikia 1955 alikuwa ameonyesha mpango mzima wa insulini, asidi amino 51 katika minyororo miwili, kila moja mahali pake na si penginepo.

Himoglobini ilijulikana zamani kuliko hapo. Mwaka 1840 Mjerumani Friedrich Ludwig Hünefeld aliona fuwele nyekundu katika damu ya mnyoo iliyokaushwa kati ya vipande viwili vya kioo, na mwaka 1864 Felix Hoppe-Seyler akakipa kitu hicho jina la himoglobini. Mwaka 1904 Christian Bohr na wenziwe wa Copenhagen walieleza tabia yake ya ajabu. Himoglobini isiyo na oksijeni huwa nzito kupokea hewa ya kwanza, lakini ikishaipokea, huwa nyepesi kuzipokea zinazofuata. Ni mfano wa wapagazi wanne wanaochukua mzigo kwa mti mmoja: wa kwanza akishainuka, wengine huinuka kwa urahisi. Sababu yake haikujulikana kwa miaka mingine 60 na zaidi. Faida ya himoglobini kwa wachunguzi ilikuwa kwamba yapatikana kwa wingi, hugeuka fuwele bila taabu kubwa, na rangi yake huitoa siri yake, maana damu yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa na ile iliyoipoteza ni nyekundu ya giza.

Mwaka huohuo wa 1904, mwishoni mwa Desemba, kijana aitwaye Walter Clement Noel, mwenyeji wa kisiwa cha Grenada aliyekwenda Chicago kusomea udaktari wa meno, aliingia hospitali akiwa na homa na kifua. Daktari mwanafunzi Ernest Irons alipoitazama damu yake katika hadubini aliona chembe nyekundu zilizopinda na kuchongoka badala ya kuwa za mviringo. Mkubwa wake, James Herrick, aliitangaza habari hiyo mwaka 1910. Noel alirejea Grenada, akafanya kazi yake, akafa mwaka 1916 akiwa bado kijana. Jina la ugonjwa, lililotokana na umbo la mundu, lilitolewa na Verne Mason mwaka 1922. Mwaka 1927 Hahn na Gillespie walithibitisha ya kuwa chembe hizo hupinda zikikosa oksijeni, na zikirudishiwa hewa huweza kurudia umbo lake la kwanza. Jambo hilo lilikuwa ni ishara kubwa kwamba kasoro ina uhusiano na himoglobini, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeifuata ishara hiyo hata mwisho wake.

Badala yake madaktari wengi wa Marekani walishughulika na swali jingine, nalo ni nasaba ya mgonjwa. Kwa kuwa wagonjwa wa kwanza walikuwa watu weusi, ugonjwa ulihesabiwa kuwa ni alama ya damu yao, hata alipotokea mgonjwa mwenye asili ya Ulaya wako waliotafuta babu mweusi katika ukoo wake kabla ya kufikiri ya kwamba kanuni yao yaweza kuwa na kosa. Wakati huo Wagiriki na Wataliani wenye chembe za mundu walikuwapo, na mwaka 1952 Hermann Lehmann na Marie Cutbush walizikuta kwa wingi miongoni mwa watu wa milima ya Nilgiri kusini mwa Bara Hindi. Ugonjwa ulikuwapo pia katika nchi za Waarabu.

Yafaa ikumbukwe pia ya kuwa ugonjwa haukungoja hadubini ya Chicago ili ujulikane na waliokuwa wakiugua. Huko Ghana yako majina ya wenyeji yanayoiga maumivu ya viungo yarudiayorudiayo, na Daktari Felix Konotey-Ahulu, kwa kufuata habari zilizohifadhiwa katika ukoo wake mwenyewe, aliutambua ugonjwa huo kizazi baada ya kizazi hata kufikia mwaka 1670. Katika Kiswahili neno la kitaalamu lililokubaliwa ni selimundu, yaani seli iliyo kama mundu, ijapokuwa wagonjwa wengi na wazazi wao husema sikoseli. Selimundu ni neno zuri kwa sababu chombo chenyewe chajulikana na kila mwenye kukata nyasi au kuvuna mpunga, na aliyeuona mundu haelezwi tena kwa nini chembe yenye umbo hilo yaweza kukwama katika mshipa mwembamba.

Kasoro iliyomo katika himoglobini ilifichuliwa na Linus Pauling wa California. Mwaka 1945 alikuwa katika kamati moja pamoja na daktari William Castle, naye Castle akataja katika mazungumzo ya kwamba chembe za wagonjwa hawa hupinda katika damu isiyo na oksijeni. Pauling alikuwa amekwisha kuichunguza himoglobini kwa sumaku tangu 1936, akafahamu papo hapo ya kuwa kama hewa ndiyo ibadilishayo umbo la chembe, basi shina la jambo ni himoglobini na si ngozi ya chembe. Kazi ya kuthibitisha alimpa Harvey Itano, daktari kijana wa wazazi wa Kijapani. Mwaka 1942 Itano alikuwa mwanafunzi bora wa chuo kikuu chake huko Berkeley, lakini siku ya kupewa heshima yake hakuwapo, maana serikali ilikuwa imekwisha kumweka kambini pamoja na watu wengine wa asili ya Japani.

Itano na wenziwe Singer na Wells waliipitisha himoglobini katika umeme, wakaona ya mgonjwa haiendi sawasawa na ya mtu mzima wa afya. Tofauti ilikuwa ni ya chaji chache tu za umeme katika kila molekuli. Damu ya wazazi, ambao wenyewe hawakuugua, ilikuwa na himoglobini za namna zote mbili zilizochanganyika. Makala yao ya mwaka 1949 iliuita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli, na kabla ya hapo hakuna ugonjwa uliowahi kuitwa hivyo kwa ushahidi. Mwaka huohuo James Neel huko Marekani, na E. A. Beet katika nchi iliyoitwa wakati huo Northern Rhodesia, ambayo leo ni Zambia, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha ya kuwa mtoto huwa mgonjwa akirithi kasoro kwa baba na kwa mama, na akirithi kwa mmoja tu huwa mchukuzi asiyeugua.

Hapo ndipo lilipotokea swali gumu. Zamani zile mtoto aliyezaliwa na ugonjwa huu katika Afrika aghalabu alikufa kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Kila mtoto afapo, jeni mbili za kasoro hufa pamoja naye. Kwa hesabu hiyo jeni ya namna hii yapasa ipungue kizazi baada ya kizazi hata iwe haba sana. Lakini mwaka 1949 Lehmann, ambaye alikuwa amefanya kazi Uganda, pamoja na Alan Raper, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika makabila ya nchi hiyo, na miongoni mwa Baamba walio chini ya milima ya Ruwenzori wachukuzi walikuwa 45 katika kila watu 100. Lehmann na Raper walilitazama jambo hilo kwa jicho la historia ya makabila. Walifikiri ya kuwa wingi au uchache wa chembe za mundu waweza kuonyesha ni kina nani waliotangulia kuingia katika nchi, na kina nani waliochanganyika na wageni waliotoka kaskazini. Katika miaka hiyo wanahistoria na wachunguzi wa lugha walikuwa na kiu ya ushahidi wowote wa uhamaji wa Wabantu, na damu ilidhaniwa kuwa shahidi asiyeweza kusema uongo.

Aliyeipindua hoja hiyo ni Anthony Allison. Alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925, akalelewa Kenya katika shamba la wazazi wake kwenye Bonde la Ufa, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Wenziwe walichunguza mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi ili kutazama makundi ya damu, na pamoja na hayo akazipima kwa ajili ya chembe za mundu. Matokeo yalimshangaza. Karibu na pwani na kando ya Ziwa Viktoria wachukuzi walizidi 20 katika kila 100, lakini katika nyanda za juu zilizo katikati hawakufika hata mmoja katika 100. Mtu aliyekulia Kenya hakuhitaji ramani kumwonyesha ni kitu gani kilichomo pwani na ziwani kisichokuwamo katika nchi za baridi. Ni mbu wa malaria.

Lugha hazikulingana na mgawanyo huo. Wajaluo husema lugha ya Kiniloti na Wakikuyu husema lugha ya Kibantu. Kama chembe za mundu zingekuwa alama ya Wabantu, ingepasa ziwe nyingi kwa Wakikuyu na chache kwa Wajaluo. Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Wajaluo, pamoja na jirani zao wa kando ya ziwa wasemao lugha za Kibantu, walikuwa nazo kwa wingi, na Wakikuyu wa nyanda za juu walikuwa karibu hawanazo. Kwa hiyo damu haikufuata lugha wala ukoo, bali ilifuata maji yaliyotuama na wadudu waliaguliwao humo. Historia ya makabila ilipoteza shahidi iliyemtumaini, ila ilipata fundisho la thamani, kwamba jeni iliyo na faida au madhara makubwa haifai kuwa kipimo cha undugu wa watu.

Allison hakuweza kuithibitisha rai yake mara moja. Ilimbidi amalize masomo yake ya udaktari kwanza, akarudi Afrika ya Mashariki mwaka 1953. Katika watoto 290 wa Kiganda aliowapima karibu na Kampala, wachukuzi walikuwa 43, na 12 miongoni mwao, yaani asilimia 27.9, walikutwa na vimelea vya malaria. Katika wale 247 wasio wachukuzi waliokutwa na vimelea walikuwa 113, yaani asilimia 45.7. Kisha akawachukua wanaume wa Kijaluo 30 waliojitolea, nao walikuwa wamekaa mbali na nchi ya malaria kwa muda usiopungua miezi 18. Kumi na watano walikuwa wachukuzi, kumi na watano si wachukuzi, na wote waliambukizwa malaria kali kwa makusudi. Miongoni mwa wasio wachukuzi ugonjwa uliwashika 14. Miongoni mwa wachukuzi uliwashika wawili tu.

Jaribio hilo lingefanyika leo lingepingwa na kila kamati ya maadili, kwa maana malaria ya namna ile huua, na hiari ya mtu wa chini ya serikali ya kikoloni ni jambo la kuulizwa mara mbili. Waliovuna sifa ya elimu hiyo wajulikana kwa majina. Wale 30, ambao kwa kweli ndio waliotoa miili yao, hutajwa vitabuni kwa hesabu tu.

Allison aliitangaza kazi yake katika makala tatu za mwaka 1954, pamoja na vipimo vya watu wapatao 5,000 wa Uganda, Kenya na Tanganyika. Hoja yake ilikuwa kwamba mwenye kurithi kasoro kwa wazazi wawili hufa kwa ugonjwa wa damu, asiyerithi kabisa huweza kufa kwa malaria utotoni, na mchukuzi huokoka na mauti zote mbili. Kwa hiyo palipo na malaria nyingi jeni hudumu. Beet alikuwa amekwisha kuona mwaka 1946 kwamba wachukuzi wana vimelea vichache, na J. B. S. Haldane alikuwa amewaza jambo kama hilo mwaka 1949 kuhusu ugonjwa mwingine wa damu. Lakini Allison ndiye aliyeyakusanya yote yakawa hoja moja yenye ushahidi. Wengi hawakumwamini, na mabishano yaliendelea miaka kadha wa kadha.

Himoglobini ya selimundu ilifika Cambridge kwa mkono wa Allison huyohuyo, aliyempa Max Perutz kiasi chake. Hapo alikuwapo Vernon Ingram, kijana mwenye asili ya Ujerumani aliyekimbilia Uingereza pamoja na wazazi wake kabla ya vita. Ingram alitaka kujua tofauti iliyoonekana katika umeme yatoka wapi. Molekuli ya himoglobini ina minyororo minne: miwili iitwayo alfa, kila mmoja una asidi amino 141, na miwili iitwayo beta, kila mmoja una 146. Jumla ni 574, na kuzisoma zote kwa njia ya Sanger kungechukua miaka mingi. Ingram akatafuta njia ya mkato. Aliikata himoglobini kwa kimeng'enya cha tripsini ikawa vipande vipatavyo 30, akavitandaza juu ya karatasi kwa umeme upande mmoja na kwa maji ya kemia upande wa pili, mpaka kila kipande kikawa doa lenye mahali pake. Karatasi ya himoglobini ya kawaida na ile ya selimundu zilipolinganishwa, madoa yote yalilingana isipokuwa moja.

Hiyo ilikuwa 1956. Mwaka uliofuata alionyesha ya kuwa hata katika doa lile tofauti ni ya asidi amino moja tu. Mahali palipopasa kuwa na asidi ya glutamiki pana valini, na baadaye ilijulikana ni mahali pa sita katika mnyororo wa beta. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi ya umeme, valini haina. Na kwa kuwa minyororo ya beta ni miwili, kila molekuli yapoteza chaji mbili. Hivyo kemia ya 1957 ikakubaliana na kipimo cha umeme cha 1949. Katika shanga 287 za nusu ya molekuli, moja imebadilika, na kwa sababu yake mtoto hulia usiku kwa maumivu ya mifupa. Hapo kwa mara ya kwanza ilithibitishwa kwa kemia ya kwamba jeni ikibadilika, asidi amino katika protini hubadilika.

Lilibaki umbo. Perutz, aliyezaliwa Vienna mwaka 1914, alikwenda Cambridge mwaka 1936 na mwaka uliofuata akaanza kuchunguza fuwele za himoglobini ya farasi kwa miale ya eksirei. Vita vilipoanza alihesabiwa kuwa mgeni wa taifa adui, akakamatwa mwaka 1940 na kupelekwa Kanada, kisha akarudishwa. Inashangaza kwamba watu wawili katika kisa hiki kifupi, Itano na Perutz, waliwekwa kizuizini na serikali ambazo baadaye zilijivunia kazi yao. Picha za eksirei zilimpa Perutz maelfu ya nukta, lakini nukta zilieleza nguvu za miale pasipo kueleza mpangilio wa mawimbi yake, na bila mpangilio huo umbo haliwezi kujengwa. Mwaka 1953 aligundua ya kuwa akiitia zebaki katika molekuli mahali maalumu bila kuiharibu fuwele, mpangilio wa mawimbi huweza kukisiwa kwa tofauti ya picha mbili. John Kendrew aliitumia njia hiyo kwanza katika mioglobini ya nyangumi, protini ndogo ya misuli, akapata umbo lake mwaka 1957. Perutz alipata umbo la himoglobini mwaka 1959, miaka 22 tangu aanze, na mwaka 1962 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Lililowastaajabisha ni kwamba mnyororo wa misuli ya nyangumi na minyororo ya damu ya farasi imekunjwa karibu kwa namna moja.

Ndani ya kila mnyororo umo mfuko, na mfukoni mna himu yenye chembe moja ya chuma, ambayo ndiyo ishikayo oksijeni. Mwaka 1963 Hilary Muirhead na Perutz walionyesha ya kuwa himoglobini isiyo na oksijeni ina mpango tofauti: minyororo yake husogea. Mwaka 1970 Perutz akaeleza kwamba oksijeni ishikapo, chuma husogea kidogo mno kuingia katikati ya himu, na mvuto wa mwendo huo huhamia kwenye minyororo mingine mpaka molekuli nzima ikajigeuza. Hiyo ndiyo sababu ya ile tabia ya wapagazi aliyoiona Bohr.

Habari hiyo ndiyo ieleweshayo pia kupinda kwa chembe. Valini ile ya mahali pa sita hukaa nje ya molekuli, nayo ni ya tabia ya mafuta, haipendi maji. Molekuli ikiwa na oksijeni haipati mahali pa kujificha. Ikipoteza oksijeni na kugeuka umbo, shimo dogo hufunguka katika mnyororo wa beta wa molekuli ya jirani, na valini huingia humo kama kijiti katika tundu. Molekuli moja hushika ya pili, ya pili ya tatu, mpaka zikawa nyuzi ndefu ngumu, na nyuzi hizo huisukuma chembe hata ipinde. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya selimundu huishi kati ya 10 na 20. Mgonjwa hupungukiwa damu kwa sababu hiyo, na huumwa kwa sababu chembe zilizopinda huziba mishipa.

Rai ya Allison imezidi kupata nguvu. Uchunguzi uliofanywa Kilifi katika pwani ya Kenya na kutangazwa mwaka 2005 ulionyesha ya kuwa mchukuzi ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria iliyo kali kabisa. Namna kinga hiyo ifanyavyo kazi haina sababu moja tu. Mojawapo ni kwamba chembe yenye kimelea hupoteza oksijeni, hupinda mapema, na bandama huiondoa pamoja na mgeni wake. Nayo historia ya makabila, iliyofukuzwa mlangoni mwaka 1954, imerejea kwa njia nyingine. Jeni yenyewe haionyeshi undugu, lakini alama ndogondogo zilizo jirani nayo katika uzi wa urithi huonyesha ilikopitia. Huko Oman zimekutwa alama za aina ya Uarabuni na Uhindi, za aina ya Afrika ya Magharibi iitwayo Benin, na za aina iitwayo Bantu, na hakuna mwenye kujua habari za majahazi na za biashara ya watumwa baina ya Mrima na Maskati atakayestaajabu kwa hilo.

Kuhusu dawa, mlango ulioanza kufunguka ni ule ulioonekana mapema na Janet Watson huko New York mwaka 1948, kwamba watoto wachanga hawaugui miezi ya kwanza kwa kuwa wangali na himoglobini ya tumboni mwa mama, isiyo na mnyororo wa beta. Dawa ya haidroksiyurea, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima, huiamsha tena himoglobini hiyo ya utoto. Kwa muda mrefu iliogopwa kutumiwa katika nchi zenye malaria, lakini jaribio lililofanywa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na kutangazwa mwaka 2019, lilionyesha ya kuwa watoto walioinywa walipungukiwa na maumivu, na malaria na vifo pia vilipungua. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokata sehemu maalumu ya jeni katika chembe za uboho ili himoglobini hiyohiyo ya utoto irudi kwa kudumu. Bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na walio wengi katika wagonjwa wa ugonjwa huu huzaliwa katika Afrika.